Kwako Tencha: Barua ya Maricruz Ilikuwa Mezani

Mwaka umetimia, Tencha, tangu asubuhi ile ya tarehe tano Desemba ulipotoka nyumbani na mfuko wa machungwa ya wanafunzi wako, ukamwambia Mama utarudi saa saba kula, usirudi.

Walikukuta kwenye maegesho ya magari ya chuo, funguo zingali mkononi, machungwa yamebingirika hadi chini ya magari ya wenzako. Moyo, walituambia hospitalini. Mama akauliza, "Moyo umefanya nini?" Daktari akasema umesimama. "Sasa mbona wangu unakwenda?"

Tunakuandikia kwa sababu leo ni misa yako ya mwaka, nyumba nzima inanuka unga wa mahindi na mvuke wa tamales, na kuna jambo ambalo tumelibeba miezi kumi na miwili bila kukuambia. Mama anasema tayari unalijua. Mdogo wako Elodia anasema hata kama unalijua, lazima tulitamke kwa midomo yetu. Yeye ndiye anayeshika kalamu, lakini amekataa kujiita "mimi" humu, kwa kuwa kosa ni la nyumba nzima.

Tuanze na wewe kwanza.

Ulikuwa na miaka kumi na minne Baba alipolazwa. Alivuta vumbi la mizabibu ya Parlier miaka thelathini, na kuvu iliyomo kwenye vumbi la bonde hili ikamla mapafu. Daktari hakujua Kihispania na Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo wewe ndiye uliyesimama katikati na kumweleza Mama kwamba mumewe anakufa. Hukulia pale. Ulilia nyumbani, bafuni, bomba likiwa wazi ili tusisikie, na tulisikia. Kuanzia siku ile ulitaka kuijua kuvu ile ina nini na inaishije, na uliisoma mpaka ukawa Daktari Hortensia Olivares, mtu wa kwanza kutoka mtaani kwetu kuingia maabara bila kushika fagio.

Elodia aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaenda kupanga zabibu kwenye banda la kufungashia matunda ili wewe umalize. Ulijua. Uliwahi kumwambia jikoni, "Elo, nusu ya cheti changu ni yako." Akakujibu, "Basi nikatie nusu yangu nifungie jibini." Mkacheka mpaka Mama akawafukuza wote wawili. Hakuwahi kukuambia kwamba usiku ule hakulala kwa furaha.

Hukuolewa. Mama alimsimamisha Mtakatifu Antoni, ile sanamu ndogo, kichwa chini nyuma ya jiko miaka kumi na mmoja akuombee mume, mpaka siku moja wewe mwenyewe ukamgeuza, ukasema maskini damu yote imemwishia kichwani. Watoto wako walikuwa wanafunzi. Thelathini na mmoja, tumewahesabu kwenye picha za ukutani, wote wa watu wa mashamba, wote leo wana maabara zao au wanafundisha. Lile koti lako jeusi la kuendea mahojiano lilivaliwa na karibu wote. Elodia alilitanua, akalibana, akalitanua tena, hata mishono ikabaki kuomba huruma.

Na hukuwa malaika, tusidanganyane leo kwa kuwa ni siku ya misa. Ulisahau siku zetu za kuzaliwa. Ulikuwa unakula kwa wanafunzi, kwetu unafika vyakula vimepoa. Kaka yako Chuy aliwahi kukuuliza kama naye ajiandikishe chuoni ndipo akuone.

Lakini tulijua kwa nini ulikula kwao. Ulipokuwa umeshaajiriwa, karani mmoja mzee wa chuo alikukabidhi faili lako la zamani, na ndani yake ukakuta barua ambayo mwalimu wako aliiandika kukupendekeza usomee shahada ya uzamivu. Ilikuwa na mistari miwili. Ilisema wewe ni mpole, una adabu na huchelewi. Ulituletea nyumbani, ukaisoma mezani kwa sauti ya kuigiza, tukacheka. Kisha ukasema taratibu, "Hivi ndivyo mtu anavyomsifia mfagizi wake. Miaka minne nilifanya kazi kwenye maabara yake, na alichoona ni kwamba sichelewi." Ukaingia chumbani ukafunga mlango.

Tangu hapo ukajiwekea sheria. Hukuandika barua ya mwanafunzi yeyote kabla hujala nyumbani kwao.

Anselmo Bautista bado anasimulia. Alikuja kwako akitaka barua, ukamwuliza uende kwao lini.

"Daktari, kwetu hakuna chakula cha maana."

"Nimekuuliza mnapika nini?"

Ukaenda. Ukala maharage na majani ya mpungate kwenye nyumba yao ya bati, baba yake akakutoa nje kukuonyesha pampu ya maji ambayo Anselmo aliitengeneza akiwa na miaka kumi na mmoja, na bado inavuta maji.

"We! Mbona hukuniambia unatengeneza pampu?"

"Hukuuliza, Daktari. Halafu hiyo si sayansi, hiyo ni kazi tu."

"Hiyo kazi tu ndiyo sayansi, mjinga wewe. Lete maharage mengine."

Ukaandika kurasa tatu za pampu, na Anselmo leo ni mkuu wa maabara Sacramento. Kila barua uliiandika kwanza kwa mkono, ukaiweka mezani na kuigandamiza na jiwe la mtoni, ikalala siku tatu. Ulisema barua isiyolala huwa na hasira za mwandishi. Ikishalala, unaisoma tena, unaipiga kwenye kompyuta, unaituma.

Sasa tunafika penyewe.

Mwezi wa Oktoba kabla hujatuacha, ulikula kwa akina Maricruz Tovar. Ulirudi umechangamka, Tencha, hata viatu hukuvua. Ulimwambia Mama kwamba msichana huyu kaona kitu ambacho wewe hukukiona miaka ishirini. Mama yake hajakanyaga shamba maisha yake yote, lakini anakohoa kama waliokanyaga, na kazi yake ni kufua nguo za wanaume wa nyumba. Kwa hiyo Maricruz alipita nyumba arobaini akikung'uta vumbi la mazulia ya mlangoni, akalitia kwenye chupa za jamu, akaandika majina. Kuvu inaingia nyumbani kwa buti na suruali. "Huyu asipopata nafasi ya uzamivu," ulisema, "mimi nitaacha kazi niuze machungwa barabarani." Siku ya mwisho ya kupeleka maombi yake chuo kimoja cha kaskazini ilikuwa tarehe kumi na tano Desemba. Hilo sisi hatukulijua.

Tulikuzika tarehe nane. Jioni ile tukaanza rozari ya siku tisa, na Mama, kama alivyofanya kwa Baba na kama bibi alivyofanya kwa babu, akafunga chumba chako kwa ufunguo. Alisema hakuna mkono utakaogusa kitu chako mpaka siku tisa ziishe, uondoke kwa amani bila kuitwaitwa na vitu vyako. Ufunguo akautia kwenye sidiria. Hatukumbishia. Nani angembishia?

Maricruz alikuja siku ya kwanza na sufuria la maharage. Alikuja ya pili na ya tatu. Alikuja zote, Tencha. Watu wakisali yeye alisali, wakinywa kahawa yeye aliosha vikombe, na sisi tulisema huyu binti amelelewa, mpole kweli, ana adabu. Ndiyo, tulisema maneno hayohayo ya mwalimu wako. Yalitutoka midomoni wala hatukuyasikia.

Siku ya nane, Elodia alitoka jikoni akamkuta amesimama mbele ya mlango wako, taulo la vyombo mkononi, anautazama.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Hapana, Shangazi. Naangalia tu."

"Taulo zingine zimo kabatini. Hebu nisaidie kuleta viti, watu wameanza kufika."

Akaleta viti. Alivibeba viwiliviwili, akavipanga safu, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Ilikuwa tarehe kumi na tano.

Kesho yake, baada ya rozari ya mwisho, Mama alitoa ufunguo na tukaingia watatu, yeye, Chuy na Elodia. Miwani yako ilikuwa kitandani. Kulikuwa na kikombe chenye kahawa iliyokauka. Mezani kulikuwa na barua ya kurasa nne kwa mwandiko wako, jiwe juu yake, na pembeni umeandika kwa wino mwekundu: kumi na tano, usisahau. Chuy ndiye aliyeiona tarehe. Akaitazama kalenda ukutani, akakaa kwenye kitanda chako, juu ya miwani.

Elodia akaisoma kwa sauti, akimtafsiria Mama mstari kwa mstari, kama wewe ulivyomtafsiria hospitalini. Nyumba arobaini zilikuwemo, chupa za jamu na mama anayefua. Akafika mwisho. Tunayanakili hapa kama ulivyoyaandika:

"Ana kasoro moja, nami sitaificha. Maricruz hajui kuomba. Atakaa mwaka mzima kwenye kiti kilichovunjika mguu asimwambie mtu. Amelelewa hivyo, kama nilivyolelewa mimi na kama alivyolelewa mdogo wangu, ambaye ni mwerevu kuliko mimi na hakuwahi kumwomba mtu chochote. Nimeanza kumfundisha. Akifika kwenu, mmalizie."

Elodia hakuweza kutafsiri hapo. Mama alimwambia endelea, na Elodia akasema imeisha, Mama, imeishia hapo. Mpaka leo hatujui kama ni wewe aliyekuwa anakulilia au ni nafsi yake. Ameambiwa aandike ukweli, basi huo ndio.

Chuy alitupeleka kwa gari hadi kwa akina Tovar. Maricruz akafungua mlango, akaiona barua mikononi mwa Elodia, uso wake ukashuka.

"Kwa nini hukusema?" Elodia alipiga kelele, majirani wakatoka. "Siku tisa umeosha vikombe vyangu! Siku tisa! Ungesema neno moja tu!"

"Mlikuwa na msiba, Shangazi."

"Ningeuvunja huo mlango!"

"Nyie mlikuwa mmefiwa," akasema. "Mi nilikuwa na barua tu."

Mama yake alikuwa nyuma yake, mikono ina povu la sabuni. Ni yeye aliyemkataza. Alimwambia usithubutu kwenda kudai kitu kwenye nyumba yenye jeneza. Tungemlaumu vipi? Mama yetu angetukataza vilevile. Wale wa shule za bweni, wenye baba maprofesa, wangepiga simu siku ileile ya msiba, tena kwa heshima zote, na wasingeona aibu. Sisi tulimfunza mtoto adabu mpaka adabu ikamfungia njia.

Elodia alipiga simu chuo kile cha kaskazini. Mama mmoja akampa pole nyingi za kweli, akasema maombi yameshafungwa, hawezi kumfungulia mmoja, ajaribu mwakani. Elodia alimshukuru. Alimshukuru, Tencha, halafu akakata simu akaupiga ukuta ngumi.

Mwaka huo ukaenda kama ulivyokwenda. Msimu wa zabibu ulipofika, Maricruz aliajiriwa bandani, akawekwa kwenye mkanda mmoja wa kupitishia zabibu na Elodia, bega kwa bega. Msichana aliyeona alichokiona alikuwa anachambua zabibu zilizooza na zilizo nzima. Chupa zake arobaini zilikuwa chini ya kitanda chake.

"Shangazi, usinitazame hivyo," alimwambia Elodia siku moja.

"Nakutazamaje?"

"Kama mtu aliyevunja kitu cha watu."

"Si nimevunja?"

"Zabibu zinapita hizo."

Mama naye hakuwa Mama tena. Alirudisha ufunguo kwenye mlango wako, akafunga, akasema chumba kile kina laana yake. Kila tukikaa kula alisema, "Mimi ndiye niliyefunga. Kwa mapenzi nilifunga." Tulimwambia Tencha hana kinyongo. Alisema, "Tencha hana, mimi ninacho." Ana miaka themanini na sita, na kwa mara ya kwanza tuliona anazeeka.

Mwezi wa tisa tulimpigia simu Anselmo. Alikuja kutoka Sacramento, na kabla ya lolote akaenda kula kwa akina Tovar, kwa sababu ndivyo ulivyomfundisha. Akaomba achukue barua yako, aandike yake na ya kwako aiweke ndani nzima, isikatwe neno. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Maricruz. Alisema hapana. Alisema nimeshapitwa, Shangazi, msihangaike. Anselmo akafoka, Elodia akabembeleza, Chuy akatishia kumbeba. Akatabasamu tu na kutuuliza kama tunataka kahawa. Tuliogopa, Tencha. Tuliona kwamba tulichokivunja siku zile tisa hakikuwa mwaka wake mmoja tu.

Basi sikiliza hili. Jumapili ya tatu ya Novemba tulikuwa jikoni tunachambua maganda ya mahindi ya kufungia tamales zako. Mlango ukagongwa. Maricruz, amevaa gauni la kanisani. Hakusalimia. Hakuuliza hali ya Mama. Alisimama mlangoni.

"Nimekuja kuomba," akasema.

Elodia alifuta mikono kwenye aproni.

"Omba."

"Naomba mnifungulie chumba cha Daktari. Nataka kuandika maombi yangu kwenye meza yake. Nyumbani hapaandikiki, na..." Akautazama mlango uliofungwa. "Na naitaka meza ile. Basi."

Tulimwangalia Mama. Mama aliweka ganda la mahindi chini, akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo. Hakumpa mtu. Alinyanyuka mwenyewe, akishika ukuta, akafungua mlango wako, akaenda hadi dirishani akafungua na dirisha. Kisha akautupa ufunguo kwenye kapu la maganda.

"Sifungi tena mlango katika nyumba hii," akasema. "Hata nikifa mimi. Mkinililia, mlilie milango ikiwa wazi. Kaa, mwanangu. Umekula?"

Maricruz alikaa kwenye meza yako siku tisa. Hakuna aliyepanga ziwe tisa, Mama ndiye aliyezihesabu. Elodia alimpelekea kahawa kila jioni na kurudi na kikombe akakiosha mwenyewe. Maombi yalipokwisha, Maricruz aliyaweka chini ya jiwe lako, yakalala siku tatu. Tarehe mosi Desemba yalikwenda, pamoja na barua ya Anselmo, na yako ndani yake.

Jibu litakuja Februari. Hatujui litasema nini, na hatutajifanya kujua. Kama litakuwa la heri, utakuwa umemtoa wa thelathini na mbili ukiwa kaburini. Kama halitakuwa, ataomba tena, na safari hii sisi hatutangoja aombe kimya.

Lakini wewe hutakuwepo kulifungua. Hilo ndilo linalotuua. Tunaweza kurekebisha yote, tukafungua kila mlango na dirisha la nyumba hii, na bado saa saba ya mchana Mama anaweka sahani yako, anaitazama, anaiondoa. Elodia bado ananunua machungwa mengi kuliko tunayoyala. Tumekukosa, Tencha. Tumekukosa vibaya sana, na mwaka mzima haukupunguza kitu.

Tusamehe zile siku tisa. Tulikupenda kwa namna tuliyofundishwa.

Jana tulipokuwa tunaandika majina ya kuweka hapa chini, Maricruz alikuwa jikoni anafunga tamales na Elodia. Akasema bila kuinua kichwa:

"Shangazi. Naomba na langu liwepo."

"Kama nani wake?"

Akafunga moja ya tamales, akaiweka, akachukua ganda jingine.

"Sijui. Kama mtu wake."

Nyumba hii haitakusahau, si mwaka huu wala mwaka wowote tutakaopewa. Tunaokukumbuka ni mama yako Soledad. Kaka yako Jesús, ambaye bado ni Chuy. Mdogo wako Elodia, mwenye nusu ya cheti. Anselmo na wenzake thelathini walio ukutani. Na mtu wako Maricruz Tovar, ambaye ameomba.